Ribiti ya Nane ya Fundi Ramadhani Liponda

Tarehe 30 Juni 2025 Fundi Ramadhani Liponda anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitano katika karakana yetu ya Mtanda. Aliingia Julai 1990 akitokea Kilangala, kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima. Anatoka na mvi, masikio yaliyochoshwa na nyundo, na cheo cha fundi daraja la pili. Naomba msomaji akikumbuke cheo hicho, maana ndicho kilichonifanya niombe kuandika ukurasa huu wa kumuaga, ingawa mkono wangu hautulii na daktari ameacha kunitajia miezi.

Mimi ni Stefano Chilumba. Nilikuwa msimamizi wake kwa miaka kumi na saba.

Kazi iliyompa Ramadhani jina ni ya kuinua pikapu. Zinakuja zikiwa chini mno kwa barabara zetu za masika, na ili kuziinua nyuma lazima utoe mikono inayoshika springi. Mikono hiyo imefungwa kwenye chasisi kwa ribiti, vipande vya chuma vilivyogongwa mpaka vikajaa tundu. Hazina hesi wala nati, na hakuna spana ya kuzifungua. Ramadhani alisaga kichwa cha ribiti, akatia alama katikati, akatoboa kwa drili ndogo, kisha kubwa, ndipo akaisukuma kwa tindo. Iliyogoma aliitoboa upya. Moto wa gesi hakuutaka kabisa. Alisema moto unakula tundu, na tundu likipanuka bolti inayowekwa badala ya ribiti haina pa kushika.

Ribiti ngumu alizisemesha. "Bibi harusi, toka nje, wageni wamechoka!" Karakana nzima ilicheka, na mara nyingi bibi harusi alitoka. Wanawake wa duka la jirani walizoea kuuliza, "Fundi, leo umeozesha wangapi?"

Kila fundi wetu alikuwa na rangi yake. Ukimaliza kukaza bolti, unapaka mstari juu ya nati, na anayekagua anajua kazi ni ya nani. Rangi ya Ramadhani ilikuwa kijani.

Ijumaa ya tarehe 10 Machi 2006 tulikuwa na pikapu ya kupeleka mbegu za ufuta Kilangala. Simu zilipigwa tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inakaribia kufunga barabara. Ramadhani alitoa ribiti saba. Ya nane ilikataa. Adhana ilipoanza alinawa mikono, akaniambia, "Bwana Stefano, hiyo niachie. Nikitoka msikitini nitaitoa taratibu."

Sikumwachia. Vijana walipokwenda kula, niliwasha gesi mwenyewe. Ribiti ilitoka, lakini tundu likawa refu kama yai. Nililiona vizuri. Nilitia bolti, nikafunika tundu kwa washa pana, kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Kisha, kwa kuwa nati saba zilikuwa na kijani na moja haikuwa nacho, nilichukua kopo la Ramadhani nikapaka mstari. Wakati ule nilijiambia ni kwa ajili ya ukaguzi tu.

Aliporudi, gari lilikuwa limeondoka. "Nani kaitoa?" akauliza. Nikamjibu, "Vijana. Imetoka kwa nyundo tu." Akafurahi, masikini.

Siku ya nne, katika safari ya pili, mkono wa springi ulichomoka kwenye mteremko kabla ya Kilangala. Dereva wetu, Musa Nannauka, alivunjika mguu sehemu mbili. Anachechemea mpaka leo.

Kamati ya uchunguzi iliketi. Ramadhani alisema, "Ya nane sikuitoa mimi, niliambiwa ni vijana." Vijana wakakana. Wakamuuliza kijani ni cha nani. Akasema ni chake. Wakanigeukia mimi, nami nikajibu, "Fundi anaijua alama yake." Maneno hayo manne hayakuwa uongo, na kwa miaka kumi na tisa nimejificha nyuma yake. Ramadhani alinitazama, kisha akatazama sakafu.

Alishushwa daraja, akaziba pancha kwa miaka minne. Barua ya onyo ilibaki kwenye jalada lake, na kila jina lake lilipopendekezwa kwa ufundi mkuu, barua hiyo ilifunguliwa. Musa hajamwamkia tangu siku ile. Wamepishana getini miaka yote hii kama watu wasiojuana.

Na bado Ramadhani alifanya kazi. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na pikapu zaidi ya mia mbili zimepita mikononi mwake bila hata moja kurudi kwa mkono wa springi uliolegea. Tangu niugue huja kila Jumapili na uji wa mtama. Husema, "Shikamoo, Bwana Stefano," akanishikia kikombe ninywe. Kila Jumapili nimejiandaa kusema. Kila Jumapili nimemeza uji nikanyamaza.

Sasa naogopa mambo mawili: kufa kabla ya tarehe thelathini, na kuiona tarehe thelathini. Kwa hiyo maelezo yangu, yenye sahihi na mashahidi wawili, nimekwisha kuyakabidhi kwa meneja wetu, Bi Yustina. Ameniahidi kuyaweka kwenye jalada juu ya ile barua, na kwamba ukurasa huu utasomwa wote kwenye hafla ya kumuaga Ramadhani, bila kupunguzwa, hata kama kiti changu kitakuwa kitupu.

Musa, mguu wako niliuvunja mimi. Uliyemnunia hakukukosea.

Ramadhani, nikiwa hai nitaletwa nikae mstari wa mbele, na kiti cha kulia kwangu kimewekwa kwa ajili yako. Ukipenda kukihamisha, kihamishe, hakuna atakayekuuliza. Jumapili ijayo nitaacha mlango wazi kama kawaida, ila sitakuhesabia deni usipokuja.

Karakana inakushukuru kwa miaka thelathini na mitano. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na shamba lisilo na kelele za nyundo huko Kilangala. Nenda na kopo lako la kijani. Mistari yote iliyomo katika gari zetu ni yako, isipokuwa mmoja, na huo niliupaka mimi.