Othmar Tannast Anakiacha Kigeuzio cha Chrummatt

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa Juni, Othmar Tannast, fundi mkuu wa njia katika Reli ya Balmegg, anastaafu baada ya kutumikia miaka arobaini na mitatu. Sijui kama kuna siku hata moja katika miaka hiyo yote aliyoimaliza akiwa amekaa.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu jarida letu hutoka kwa Kijerumani na Kifaransa, na mimi, mwanagenzi wa dirisha la tiketi, nimesoma kwa lugha zote mbili. Kusema mbele za watu siwezi, kuandika najaribu. Na heri nikiri mapema: Fabienne Rossier, anayetakiwa kushika nafasi ya Mzee Othmar, ni mama yangu. Atakayeona nimeegemea upande, ameona sawa.

Alianza akiwa na miaka ishirini na mbili, kubeba mataruma ya kulazia reli. Mwaka uliofuata akapelekwa Chrummatt, kituo cha katikati, ambapo treni inayopanda hupishana na inayoshuka. Kigeuzio kiko hapo, na roho yake haijatoka hapo tangu siku hiyo.

Wenzetu wa reli za tambarare hawatuelewi. Kwao kigeuzio ni ndimi mbili za chuma. Zinasogea kidogo, treni inafuata, basi. Kwetu katikati ya njia kuna reli ya tatu, yenye meno, na chini ya treni kuna gurudumu la meno linaloing'ata ili tusirudi bondeni kwa kasi. Sasa njia zikigawanyika, reli ya meno ya upande mmoja lazima ikatize reli ya upande wa pili. Ukiiacha nzima, magurudumu yanaigonga. Ukiikata, gurudumu la meno halina cha kung'ata. Kwa hiyo vipande vya meno vyenyewe huhama: njia ya kushoto ikifunguka, meno yake yanaungana, na ya kulia yanajivuta pembeni kupisha. Pale yanapoungana, nafasi ya jino hadi jino lazima iwe ileile. Ikizidi, gurudumu linapanda juu ya meno badala ya kuingia katikati yake, na treni iliyopanda juu ya meno haina kinachoishika.

Kila Novemba tunavifungua vipande hivyo na kuviweka bandani, kwa sababu poromoko la theluji hupita hapo hapo. Kila Mei tunavifunga upya. Othmar alipofunga mara ya kwanza, alivibadilisha: kipande cha kulia akakiweka kushoto. Treni ya majaribio ilinguruma, ikagoma. Msimamizi wa wakati huo, marehemu Hieronymus Bumann, hakufoka. Alimwambia, "Kesho utafunga tena, kisha utakaa mbele kabisa. Kukiwa na kosa, uwe wa kwanza kupata habari." Ikawa desturi yetu: anayefunga kigeuzio ndiye abiria wa kwanza kupita juu yake.

Desturi hiyo ilimwachia ugonjwa. Kigeuzio kikifungwa na mtu mwingine, Othmar hakupita juu yake. Alishuka kwenye treni chini ya Chrummatt, akapanda kilima kwa miguu, akaingia tena juu. Watalii walidhani ni mazoezi ya mwili. Mkewe, Ottilia, anasema amezoea: "Yule chuma ndiye mke mkubwa. Mimi nimeolewa baadaye, nanyamaza." Ubatizo wa mwanawe aliuacha katikati akakimbilia kigeuzio, kwa sababu mvua ilianza.

Mafanikio yake yanajulikana. Ni yeye aliyepigania mtaro unaoondoa maji ya theluji chini ya kigeuzio. Ni yeye aliyetaka vipasha joto vya kuyeyusha barafu ya Mei na Oktoba, akavipata, na mbuzi wote wa Chrummatt wakahamia kulala juu ya meno yenye joto. Kwa muda mrefu kila asubuhi alikuwa akiwabembeleza kwa ganda la jibini, mmoja mmoja, huku dereva akisubiri.

Msimu wa baridi uliopita mkuu wetu, Bi. Loretan, alitangaza: Mei hii Fabienne atafunga kigeuzio peke yake. Othmar akikikubali, kazi ni ya Fabienne. Asipokikubali, italetwa kampuni kutoka mjini. Kwenye meza ya mafundi, mama alitaniwa kwa sababu ya lugha yake, Kifaransa.

"Nati za huku zinasikia Kijerumani tu, Fabienne," alisema Beat Schnidrig, dereva.

"Ndiyo maana zinalegea," mama akajibu.

Nyumbani hakuwa na majibu ya namna hiyo. Alipachika uma mbili mezani, meno ndani ya meno, akizisogeza na kuzirudisha, mpaka supu ikapoa. Kuna majuma nilimchukia Mzee Othmar. Nikimkuta uwanjani akizunguka na kipimo chake mfukoni, nilijificha nisimsalimie.

Siku ya majaribio Othmar aliamriwa asiguse kitu. Akatia mikono mfukoni. Akaizunguka treni, akaingia, akatoka, akaingia.

"Mzee, panda au shuka," Beat akamwambia. "Treni si ukumbi wa dansi."

Alipanda. Mama alikaa mbele kabisa, mimi na Bi. Loretan nyuma yake. Chini kidogo ya Chrummatt treni ilipunguza mwendo, na Othmar akafungua mlango, akashuka. Mama hakugeuka, nilimwona shingo tu, ilivyopanda wekundu. Tukapita juu ya kigeuzio. Meno yaliingia, yakatoka, kimya. Hakuna aliyepongeza. Bi. Loretan alitazama dirishani.

Tulipoanza kurudi chini, mama akiwa amehamia benchi ya mbele upande wa bonde, Othmar alikuwa amesimama kando ya njia, juu kidogo ya kigeuzio, mkono umeinuliwa. Beat akasimamisha.

"Umesahau nini, mzee?"

"Kupanda kila mtu hupanda. Treni ikikataa, inasimama tu. Kushuka ndiyo mtihani," alisema, akihema. "Nilitaka nisikilize nikiwa pembeni. Sasa tushuke." Akamgeukia mama. "Sogea."

Mama akasogea. Wakakaa bega kwa bega mbele, bonde lote chini yao. Mguu wa mzee ulikuwa ukitikisika hata benchi ikatikisika.

"Ile nati ya tatu, ya upande wa mto," akaanza, akiinuka.

"Kaa, Othmar."

Akakaa. Tukapita. Tulipokiacha kigeuzio nyuma mguu wake ulitulia, na kabla hatujafika bondeni alikuwa amelala, kichwa begani kwa mama, mdomo wazi. Beat aliendesha polepole, na Bi. Loretan alimpa mama ufunguo wa banda, akimnong'oneza kwamba kazi ni yake.

Mzee Othmar, wafanyakazi wote wa Balmegg tunakushukuru, na mimi nakuomba radhi kwa salamu nilizokunyima. Uwe na afya, wewe na Ottilia, na siku zako ziwe na utulivu. Karibu upande nasi wakati wowote. Benchi ya mbele ni yako.