Mgombea Aliyekataa Kukana Ugonjwa Wake

Mheshimiwa Zedekiah Mulama, mwakilishi wa wadi yetu, Chifu wetu, Mchungaji, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi majirani mliohamia mitaa ya Umoja na Buruburu lakini leo mkarudi nyumbani: hamjambo.

Naitwa Clare Aloo. Kwa miaka mingi ukuta mmoja tu umenitenganisha na jirani na dada yangu Mwongeli Ndete, ambaye leo tunamuaga anaporudi kwao Mwingi. Nani hapa hakumbuki mtaa wetu huu wa Makongeni wa wakati ule, waume zetu wakitoka reli na ovaroli zenye mafuta, harufu ya githeri jikoni kwake na ya omena jikoni kwangu zikichanganyika uani, na Mwongeli akiimba nyimbo za kwaya huku akifua? Kisha akamzika mwanawe wa pekee, Kiilu, na sauti ile ikakatika. Hakula, hakusema, hakututambua. Tulimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akatibiwa, akarudi. Jioni moja nikamsikia akiimba tena, nikaacha sufuria jikoni, nikaketi nikalia.

Miaka ikapita, tukamwomba agombee uwakilishi wa wadi. Mpinzani wake akaenda kortini kutaka jina lake liondolewe, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu asiye na akili timamu kugombea. Mheshimiwa, mpinzani huyo ulikuwa wewe, na nashukuru umeniruhusu kulisema mbele yako.

Wakili wa Mwongeli alimwambia, nami nikiwepo, "Mama, hawana ushahidi. Rekodi za hospitali ni siri yako. Kana tu, kesi itaisha."

"Nikikana kwamba niliugua," Mwongeli akasema, "nitakuwa nimesema kifo cha Kiilu kilikuwa kitu kidogo."

Akasimama kizimbani akasema yote. Jaji akaamua kwamba aliyeugua akapona ana haki ya kugombea kama mtu mwingine yeyote. Tulirudi nyumbani kwa barabara ya Jogoo tukiimba. Lakini minong'ono ilikuwa imeshaenea, wengi wakaogopa, na kura zilipohesabiwa akawa ameshindwa.

Je, ukweli ule ulipotea bure? Wanawake wakaanza kubisha mlangoni kwake mmoja mmoja: "Dada, hata mimi silali." Aliwapa chai, akawasindikiza kliniki. Na siku moja akabisha Mheshimiwa mwenyewe, amekonda, kwa kuwa binti yake hali chakula wala hasemi.

"Mama Kiilu," aliuliza, "wewe walikutibu wapi?"

Mwongeli hakumkumbusha lolote. Alitafuta viatu vyake, akasema, "Twende, nitawaonyesha."

Binti huyo ameketi hapa mbele leo, na amekubali nimtaje.

Mama Kiilu, hukukalia kiti kile. Hata hivyo, kila nyumba mtaani hapa imewahi kukutafuta. Kesho ukishapanda basi, sijui asubuhi nitamsalimia nani kwanza. Nenda salama, dada yangu.

Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana.