Nilivyousikia Msiba Wangu

Sogeeni, wanangu, kaeni chini, na mlango uacheni wazi nipate hewa. Zabron, weka simu mfukoni. Umeshaambiwa barabara ya Soni imefunikwa na mawe, na gari la hospitali litafika likifika. Mimi nina maneno ya kusema sasa, na kifua hiki hakitaningoja.

Bado natetemeka. Mnanirundikia mablanketi mkidhani ni baridi ya masika, lakini si baridi. Miguu siisikii, mdomoni nina udongo usiotoka hata nikisukutua, na hata hayo siyo yanayonitetemesha. Asubuhi hii mimi mama yenu Efrazia nimeusikia msiba wangu mwenyewe, kwa masikio yangu, nikiwa hai, na mpaka sasa siamini.

Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Ile kingo ya nyuma, ambayo baba yenu aliikata mlimani ili nyumba ipate pa kukaa, iliguna kama ng'ombe anayejilaza, ikaporomoka, kisha nikawa gizani, boriti juu ya mapaja, mgongo ukutani, mkononi nimebaki na mfuniko wa sufuria. Nikaita. Nilianza na jina lako, Zabron, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikasikia yowe linapigwa, nikamshukuru Mungu, maana kwetu yowe likipigwa hakuna anayebaki shambani. Na kweli mlikuja, ninyi na majirani, mkapanda wote juu ya kingo ileile, mnalia na kuchimba, kila mtu na jembe lake na mahali pake, na kila mguu ulipokanyaga huko juu, udongo ulinishukia kifuani. Mlikuwa mnanizika, wanangu. Mlikuwa mnanizika kwa mapenzi.

Esta, nilikusikia ukiuliza nimekuacha na nani, ukausifu uji wangu ambao tangu utoto hujawahi kuumaliza. Zabron, nilikusikia ukimwambia jirani yetu Mzee Hafidhi kwamba kaburi lichimbwe pembeni mwa baba. Nikasema mimi mzima, jamani, mimi mzima, na hakuna aliyesikia, kwa sababu mlikuwa mnanililia. Udongo ulinibana, lakini ni vilio vyenu vilivyonifunika.

Ndipo ikaja sauti moja, wala haikuwa kubwa. "Shukeni kwenye kingo, wote. Nyamazeni."

Nawe Zabron ukamjibu Modesta, mke wa marehemu ndugu yako, na usitazame sakafu, nilisikia: "Wewe usiye na machozi, leo ndiyo utufundishe kufiwa?"

Modesta hakushindana nawe. Alirudia maneno yaleyale, polepole, kama mtu anayeita kuku bandani, mpaka Mzee Hafidhi akashuka, na wengine wakamfuata. Pakawa kimya. Akasema, "Mama, kama unanisikia, gonga." Nikagonga mfuniko kwenye jiwe la meko. Watu wakataka kupanda tena, akawazuia. "Gonga tena, mama, usichoke." Nikagonga, naye akasikiliza mpaka akajua nilipo, akawaleta kwa mbele, kupitia ukuta wa ghala, mkatoa tofali moja baada ya jingine hadi nikaona mwanga.

Sasa nisikilizeni vizuri. Aron wangu alipofariki, huyu mjane wake hakulia makaburini, nanyi mkasema amekauka. Esta, ukaacha kuitikia salamu yake. Zabron, ukasema arudi kwao Mnazi, na shamba la mapeasi mligawane. Mimi nilikuwa nikimtazama siku ile. Alikuwa anaangalia kama wageni wamekula, kama mimi nimepata pa kukaa, kwa sababu sisi wote tulikuwa tumeanguka na ilibidi mtu mmoja abaki amesimama. Na leo amenishika kwapani akanivuta mpaka nje. Mlipokwisha kunilaza hapa, nilimwona kupitia dirisha hilo, ameinama nyuma ya banda la ng'ombe anatapika. Msiseme tena kwamba haogopi. Anaogopa kama ninyi, ila huiambia hofu imsubiri nje mpaka kazi iishe.

Kwa hiyo neno langu ndilo hili, na Mzee Hafidhi yuko hapo mlangoni analisikia. Shamba la mapeasi ni la Modesta, na vyumba viwili vya mbele ni vyake, na hakuna wa kumpeleka Mnazi isipokuwa apende mwenyewe. Zabron, shamba la juu ni lako kama baba alivyosema, lakini ile kingo usiiache tupu, yapande upya mabingobingo, majani yale yanayoshika udongo, uliyowakatia ng'ombe. Sikulaumu. Ng'ombe nao wanakula. Esta, vyombo vyangu na yule ng'ombe mtamba mwekundu ni vyako, na jioni ya leo, kabla hujala, umsalimie wifi yako.

Maji. Kidogo tu... asante, mwanangu.

Na siku jambo likiwafika, moto, au mtoto kupotea, au simu ya habari mbaya, msikimbilie kulia. Nyamazeni kwanza, mshuke mlikopanda, msikilize. Aliye chini sauti yake ni ndogo. Mimi nilikuwa huko, najua.

Mungu awape mvua inayolowesha bila kubomoa. Awape watoto wenye adabu, na usingizi usio na mashaka, na mkae pamoja katika nyumba hii... mkae pamoja.

Nimechoka. Nikinyamaza, mtu asipige yowe. Modesta atalaza sikio hapa, kifuani, na yeye ndiye atakayesema. Akisema bado, basi mnisubiri kimya, huenda nina neno. Akisema tayari... basi mwacheni yeye alie kwanza. Alie yote, ya Aron na yangu, hata kama atakesha. Esta, umshike. Zabron, wewe... mbona umesimama katikati? Mpishe, baba. Mpishe apite.