Bi Kidawa na Bromelia Zilizozoeshwa Jua

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Kidawa Othmani anavua aproni yake ya kijani baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika kitalu chetu cha mimea, hapa pembezoni mwa mtaa wa Fordsburg. Anastaafu akiwa mkuu wa sehemu ya maua ya vyungu, na akiwa mbishi vilevile kama siku aliyoajiriwa.

Alitoka Tanga kuja huku kusini mwa Afrika akiwa na nia ya kuuza vitambaa. Biashara haikwenda, akaja kwetu kufagia, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akiwafundisha waliomtangulia namna ya kumwagilia maua. Wateja kutoka Mayfair, mtaa wa jirani, humuulizia yeye kwanza. Asipokuwepo, wengi husema watarudi kesho.

Mapenzi yake makubwa ni bromelia, ua la jamii ya nanasi, ambalo majani yake hupangana hadi katikati pakawa na kikombe cha kuwekea maji. Kwa miaka mingi tulizikuza chini ya wavu wa kivuli. Kisha alasiri moja mvua ya mawe ikaupasua wavu wote. Bwana Naseeb, mwenye kitalu, alitazama matundu yale akaamua kwamba wavu mpya hautanunuliwa: bromelia ziuzwe kwa bei ya kutupa na sehemu yetu ifungwe. Sehemu yetu maana yake Bi Kidawa, Parfait wa Bukavu, na mimi.

Bi Kidawa alimjibu kwa maneno mawili tu: zitazoea jua. Bwana Naseeb alicheka, "Eish, Mama Kidawa," akampa hadi mwisho wa msimu wa joto.

Haikuwa kazi ya kubahatisha. Zenye majani laini alizibakiza barazani. Zenye majani magumu na miiba ndizo zilizotolewa nje kupata jua la asubuhi, kidogo kwanza, kisha zaidi kidogo wiki baada ya wiki. Maji yaliwekwa kikombeni mapema, kamwe si jua likiwa kali. Na amri ilikuwa moja: adhana ya adhuhuri ikisikika, vyungu virudi barazani.

Hapo ndipo Utanga wake ulipotuponza. Kwao adhana hupigwa mara tu jua linapopinduka, lakini Mayfair kila msikiti una ratiba yake, na ule tunaousikia sisi huadhini baadaye. Amesali kwa adhana hiyo miaka yote na hakuwahi kufikiria kwamba haizifai bromelia. Mwanzoni mawingu yalitusitiri. Siku yalipokosekana tulisubiri kwa utii, na tulipotoka majani yalikuwa na mabaka meupe. Parfait alishika kichwa: "Maman, hizi zimekwisha."

Bi Kidawa alikaa chini palepale, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa. Kisha akainuka. Jani lililoungua haliponi, alituambia, kwa hiyo tuangalie litakalochipua. Tangu siku hiyo tukafuata vivuli: kivuli cha chungu kikiwa kifupi kuliko chungu chenyewe, ndani. Majani mapya yalitoka mafupi, magumu, mekundu kama pilipili iliyoiva. Msimu ulipokwisha zilikuwa zikikaa juani kutwa, na wenye maduka ya katikati ya jiji wakaanza kuzitaka kwa ajili ya mapaa yao. Hakuna aliyefunga kitu.

Mwezi huu hofu ile ilirudi, maana Bwana Naseeb alisikika akijiuliza sehemu yetu itasimamaje bila mama mwenyewe. Bi Kidawa hakubishana. Kila siku alijifungia katika chumba cha chai na kutangaza kwamba hayupo. Bromelia changa tukazitoa wenyewe na kuzirudisha wenyewe, huku tukigombana juu ya kila wingu. Nilimgongea nikitaka ushauri. Hakufungua, na nilikasirika kweli. Juzi alitoka, akapita safu kwa safu, akainamia kila chungu. Hakukuta baka hata moja. Bwana Naseeb, aliyekuwa nyuma yake, akaagiza vyungu vingine vya sehemu yetu.

Bi Kidawa, kwa niaba ya wenzako wote, ahsante kwa ukali wako na kwa mlango ule uliofungwa. Tutakukumbuka sana, mimi zaidi ya wote. Tunakuombea afya, safari ya salama, na mapumziko marefu Tanga kwa binti yako Mayasa. Jumatatu usiamke mapema. Bromelia tutazitoa sisi.

Clémentine, sehemu ya maua ya vyungu