Kidole cha Fundi Subiri

"Wifi, usimguse, mwache amalize alichokianza," alisema dada wa marehemu, na mke wa marehemu akamjibu kwamba maiti hamalizi kitu, na kwamba picha zile za harusi ni zake yeye.

"Alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mume wako."

"Basi mchukue mdogo wako, niachie picha zangu."

Hayo yalisemwa Jumanne ya wiki hii asubuhi, marehemu akiwa bado kwenye kiti chake cha kazi, kichwa kimelalia bega, mkono wa kulia juu ya kipanya cha kompyuta, kidole kimekandamiza kitufe na hakijakiachia, na kwenye skrini dirisha likisubiri. Familia imekubali yasomwe hapa mazikoni kama yalivyokuwa, kwa sababu majirani waliyasikia, na kwa sababu bila hayo maisha ya marehemu hayaelezeki.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Subiri, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mwaka 1994, mtoto asiyejua haraka, ambaye mama yake alizoea kusema kwamba ukimtuma chumvi, mboga italiwa chapwa.

Mwaka 1995 aliajiriwa kuandika programu za kompyuta, zile zenye madirisha na vitufe, na kazi yake ya kwanza ilikuwa dirisha la kuchagulia mafaili katika zahanati moja, dirisha ambalo lilitii mara tu kitufe kinapobonyezwa, mpaka karani mzee, ambaye mkono wake ulitetemeka, alipogusa palipoandikwa Futa, na kumbukumbu za wagonjwa zikatoweka mbele ya macho yake huku akisema hakutaka, hakutaka. Tangu siku hiyo marehemu hakuandika tena programu inayotii kidole kinaposhuka, zake zote zilitii kidole kinapoinuka, ili aliyebonyeza kwa bahati mbaya auhamishe mshale wa kwenye skrini pembeni kabla ya kuachia, na jambo lisitendeke. "Kubonyeza ni nusu ya neno," aliwaambia aliowafundisha kazi, "kuachia ndiko kusema."

Alifunga ndoa tarehe 14 Julai 2001 na muuza miwani wa mtaa wa pili, ambaye hutania kwamba alibonyezwa mwaka 1997 na kuachiwa miaka minne baadaye. Hawakujaaliwa mtoto, wakamlea mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye jioni alikaa kwenye kigoda kando ya kiti hicho akijifunza vitufe, na ambaye mwaka jana aliacha shule ili amuuguze, naye ndiye anayesoma historia hii.

Marehemu aliugua figo, mwili ukaisha, na katika miezi ya mwisho akaanza kufuta picha zake kwenye kompyuta, za utotoni, za chuoni, za kazini, akisema hataki watu wabaki wanamkodolea macho mtu ambaye hayupo. Mkewe alimsihi amwachie folda moja tu, ya harusi, naye hakusema ndiyo wala hapana.

Jumanne mpwa wake alipopeleka uji alimkuta ameshatutoka. Folda ya harusi ilikuwa imechaguliwa, mshale uko juu ya Futa, kidole kiko chini. Mkewe alitaka kuuondoa mkono, asijue kwamba kidole kikiinuka tu, picha zimekwenda, na dada wa marehemu, aliyejua, hakutaka uguswe, kidole kije kiinuke chenyewe pale pale kilipo, kwa kuwa hiyo ndiyo kauli ya mwisho ya marehemu. Ndipo mpwa aliposema, "Mjomba hajaamua. Kidole bado kiko chini."

Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mjomba wake, uliokuwa baridi kuliko meza, akausukuma pamoja na kipanya, kidogo kidogo, na mkono haukukataa, ulikwenda kama wa mtu anayeongozwa gizani. Mshale ulipotoka kwenye kitufe, akakiinua kidole. Kipanya kikalia, tik, na hakuna kilichofutika.

"Na kama alitaka?" aliuliza dada wa marehemu.

"Angetaka angeinua mwenyewe, wifi," alijibu mkewe, na picha mnayoiona mbele ya jeneza imetoka katika folda hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani walioleta viti na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao wamesema madirisha yake bado yanafunguka pale pale alipoyaachia.

Leo asubuhi, jeneza lilipokuwa linatolewa nyumbani, kutoka chumba cha kazi, ambacho kilikuwa kitupu na kompyuta imechomolewa umeme tangu Jumanne, ulisikika mlio wa kitufe kikishuka. Kipanya hulia mara mbili, kinaposhuka na kinapoinuka, na huu ulisikika mara moja. Waliobeba walisimama. Tukasubiri mlio wa pili, haukuja. Mkewe akarudi hadi mlangoni, hakuingia, akasema kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa:

"Inua kidole, mume wangu. Tumeshachagua. Sasa pumzika."