Mama Komeo Anakabidhi Chumba cha Wagonjwa

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuitumikia shule yetu, muuguzi wetu, ambaye walimu kwa wanafunzi tunamwita Mama Komeo, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Mwaka mzima tumeishi roho juu. Shule za wenye uwezo zina wauguzi wawili wawili. Sisi wa shule ya umma, katikati ya jiji, tuliambiwa akiondoka yeye chumba cha wagonjwa kinageuzwa stoo ya madawati.

Alipofika hapa, wasichana wa madarasa ya juu walikuwa wakizimia mchana. Wengine walisema njaa, wengine wakasema wanakwepa hesabu. Yeye hakubishana na mtu. Aliketi nao, akaambiwa ukweli: tangu asubuhi hawanywi maji ili wasiende chooni, maana milango ya vyoo vyao haikuwa na makomeo. Siku za hedhi wengine hawakuja kabisa, na masomo yakawapita hivi hivi.

Mkuu wa shule wa wakati huo alimjibu kwamba makomeo yasubiri bajeti. Basi mama akachukua ufunguo wa choo cha walimu, akawakabidhi wasichana. Hapo ndipo tulipoadabika. Walimu wazima, na tai zetu, tukahamia vyoo visivyofungwa. Aliye ndani anaimba ili ajulikane yumo, aliye nje anashikilia mlango. Mkuu mwenyewe alijikaza siku chache tu, kisha fundi akaja na drili, na habari za bajeti hatukuzisikia tena. Kuzimia kukaisha. Matokeo ya wasichana yakapanda hadi wavulana wakaanza kununa.

Ni mkali, tusidanganyane. Waliougua tumbo ghafla siku ya mtihani walirudishwa darasani wakicheka wenyewe.

Jumatatu iliyopita muuguzi mpya aliripoti kazini, wa kudumu, si wa kushikiza. Mpaka saa hiyo Mama Komeo alikuwa amekataa hata kufunga virago. Alimwonyesha mwenzake kabati la dawa, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akashusha pumzi.

"Haya," alisema. "Sasa hata mimi naweza kuumwa."

Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka siku aliyowahi kuomba ruhusa ya ugonjwa.

Asante sana, dada yetu. Tunakutakia mapumziko marefu na usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele. Ila kuumwa, hapana. Ruhusa hiyo hatukupi.