Mgeni wa Bibi

Ndani ya gari la Masumbwe, mzee aliyeketi kando ya Asteria alimuuliza anafanya kazi gani.

"Natafsiri maandishi kwa kompyuta, baba. Niliacha ofisi ili nimlee mwanangu. Kijijini mtandao hakuna, basi nimehamia Kahama, nashinda mgahawani, kahawa moja tangu asubuhi." "Na mtoto?" "Yuko kwa bibi yake." Mzee akaguna. Ofisi imeachwa, mtoto naye kaachwa.

"Mwezi uliopita nilipokwenda alipiga magoti, akaniamkia vizuri, akanipokea mkoba. Kisha akakimbilia jikoni: 'Bibi, tuna mgeni!'" "Ni mtoto tu, atakuzoea." "Yaani anizoee mimi, baba, niliyemzaa?"

Gari lilisimama kijijini kwao. Asteria akashuka na kompyuta yake, sukari na mkate, kama wageni wote.